Kuzunguka Ujerumani kwa nauli ndogo: mwongozo kamili wa treni, mabasi na tiketi ya mwezi

Jumapili moja saa tatu usiku simu yangu iliita. Alikuwa mdogo wetu wa kutoka Tanga, ana miezi mitatu tu Ujerumani, anasomea uuguzi. Alikuwa ndani ya treni, analia. Tiketi ya mwezi anayo, kailipia kwa hela yake, na bado mkaguzi kamwandikia karatasi ya faini. "Kaka, mimi nimelipa. Mbona wananitoza tena?"

Tiketi yake ilikuwa halali. Treni ndiyo haikuwa yake. Alipanda IC, treni ya masafa marefu, na tiketi yake inakubaliwa kwenye RE, treni ya mkoa. Zote mbili zilikuwa zinaelekea mji uleule, kutoka kituo kilekile, zikipishana dakika tisa.

Simu kama ile nimepokea nyingi mno: kutoka kwa wanafunzi wa Ausbildung (mafunzo ya kazi), wadada wa au-pair (wanaoishi na familia na kulea watoto), vijana wa kujitolea, hata mama aliyekuja kumwona mjukuu. Makosa ni yaleyale. Usafiri wa Ujerumani unaweza kuwa rahisi sana kwa bei. Kinachokula pesa za watu wetu ni herufi iliyosomwa vibaya, tarehe iliyopita, au tiketi isiyogongwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, mara ya kwanza usiruke hata moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti, au kadi ya kibali cha ukaazi. Tiketi nyingi za bei nafuu zina jina lako, na bila kitambulisho mkaguzi anaweza kuzikataa.
- Simu yenye intaneti na chaji. Beba pia chaja ya kubebeka. Simu ikizima, tiketi yako imezima nayo.
- Programu ya DB Navigator, ya shirika la reli Deutsche Bahn. Pakua pia programu ya usafiri ya mji unaokaa: BVG kwa Berlin, MVV au MVG kwa München, HVV kwa Hamburg, RMV kwa Frankfurt.
- Akaunti ya benki yenye IBAN, au kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni.
- Kalamu. Kuna tiketi za kuandika jina kwa mkono, na isiyoandikwa jina haina thamani.
- Sarafu chache, kwa basi la kijijini.

## Hatua ya 1: Jifunze herufi kabla ya kujifunza miji

Kila treni ina herufi mbele ya namba yake. Herufi hizo ndizo zinazoamua tiketi gani inakubalika.

Treni za mkoa na za mjini ni RE, RB, S (S-Bahn) na U (U-Bahn, nyingi zinapita chini ya ardhi). Kundi hili linaitwa Nahverkehr, na ndani yake wamo tramu na mabasi ya mjini. Tiketi za bei ya chini za mwezi na za siku zinafanya kazi hapa.

Treni za masafa marefu ni ICE, IC na EC. Kundi hili linaitwa Fernverkehr. Hapa unahitaji tiketi nyingine kabisa. FlixTrain na mabasi ya FlixBus nayo yana tiketi zake.

Usiangalie rangi. RE nyingi ni nyekundu, lakini mikoani ziko kampuni nyingi zinazoendesha treni za RE na RB, na za kwao ni za bluu, njano, kijani au nyeupe. Rangi ndiyo iliyompotosha yule mdogo wetu. Soma herufi kwenye ubao wa kituoni, kisha uzisome tena ubavuni mwa behewa kabla ya kuinua mguu.

Vipo vipande vichache vya reli ambapo IC inakubali tiketi ya mkoa. Programu itakuandikia ikiwa ndivyo. Isipoandika, usipande.

Utajua umepatia pale utakapotazama ubao wa kituo na kuweza kutaja, bila kuuliza mtu, treni zipi ni zako na zipi si zako.

## Hatua ya 2: Chagua tiketi kwa kuhesabu safari zako

Chukua karatasi. Andika safari zote utakazofanya mwezi huu: kazini, shuleni, kanisani au msikitini, kwa rafiki mji wa pili. Kisha linganisha.

Unasafiri karibu kila siku, au unaenda mji mwingine mara mbili tatu kwa mwezi? Chukua Deutschlandticket. Ni tiketi ya mwezi inayokubaliwa nchi nzima kwenye Nahverkehr yote, daraja la pili. Kuanzia Januari 2026 bei yake ni yuro 63 kwa mwezi. Kurasa nyingi za zamani bado zinataja 49 au 58. Hizo ni bei za miaka ya nyuma. Yuro 63 ukizigawa kwa siku 30 ni kama yuro mbili na senti kumi kwa siku, na kwa hizo unaweza kutoka bahari ya kaskazini hadi milima ya kusini, mradi una subira ya kubadilisha treni.

Mnasafiri kundi, siku moja? Tazama tiketi za majimbo, Länder-Ticket: Bayern-Ticket, Niedersachsen-Ticket, Sachsen-Ticket na nyinginezo. Watu hadi watano husafiri kwa tiketi moja siku nzima. Kwa nyingi kati yake mtu wa kwanza analipa bei ya msingi na kila anayeongezeka anaongeza kidogo, kwa hiyo mkiwa watano kila mmoja anatoa hela ndogo sana. Kuvuka nchi nzima kwa kundi ipo Quer-durchs-Land-Ticket. Sharti lake ni muda: Jumatatu hadi Ijumaa kwa kawaida huanza saa 9:00, yaani saa tatu asubuhi kwa saa zetu, na huisha saa 3:00 ya usiku unaofuata, yaani saa tisa usiku. Wikiendi na sikukuu huanza usiku wa manane. Kundi lililopanda saa 8:50 limepanda bila tiketi.

Una safari moja ndefu yenye tarehe inayojulikana? Nenda hatua ya 7.

Uko mjini siku mbili tatu tu? Nunua tiketi ya siku ya mji huo. Safari fupi sana ina bei yake, inaitwa Kurzstrecke. Berlin, kwa mfano, ni vituo vitatu vya S-Bahn au U-Bahn, au sita vya basi na tramu.

Kabla hujalipa bei kamili ya Deutschlandticket, uliza. Mwajiri anaweza kukupa Jobticket: akichangia angalau asilimia 25, bei yako inashuka hadi yuro 44.10 au chini ya hapo. Vyuo vikuu vingi vina tiketi ya muhula ya nchi nzima kwa asilimia 60 ya bei ya kawaida, yaani yuro 37.80 kwa mwezi. Miji na majimbo mengi yana punguzo kwa wanafunzi wa Ausbildung, wanaojitolea na wenye kipato kidogo. Nimekutana na kijana aliyelipa bei kamili miezi kumi na moja, na fomu ya Jobticket ilikuwa kwenye ofisi ya mwajiri wake muda wote huo. Hakuuliza, na hakuna aliyemwambia. Uliza wiki ya kwanza.

## Hatua ya 3: Nunua Deutschlandticket bila kunaswa na tarehe

Hapa ndipo watu wengi wanaumia, kwa hiyo soma polepole.

Deutschlandticket ni mkataba, wala si tiketi ya kununua na kusahau. Kila mwezi hela inakatwa yenyewe mpaka uuvunje. Kuvunja mkataba kunaitwa Kündigung, na siku ya mwisho ni tarehe 10 ya mwezi, ili uishe mwishoni mwa mwezi huohuo. Ukikumbuka tarehe 11, umeshalipia mwezi unaofuata.

Tiketi ni ya mwezi wa kalenda. Ukianza tarehe 20, kwa wauzaji wengi unalipa mwezi mzima na unabaki na siku kumi. Na kwa kuwa tarehe 10 imeshapita, unalipa na mwezi wa pili. Mgeni anayefika tarehe 20 Mei kwa matembezi ya siku kumi anaweza kujikuta amelipa yuro 126. Mtu huyo tiketi za siku zinamfaa zaidi.

Fanya hivi:

1. Ikiwezekana, anza mkataba tarehe 1 ya mwezi. Nunua siku chache kabla, maana wauzaji wengine huchukua muda kukagua akaunti.
2. Andika jina lako lilivyo kwenye pasipoti, yote, kwa mpangilio uleule. Jina la nyumbani au kifupi kitakuletea maswali.
3. Chagua njia ya malipo. Wauzaji wengi wanataka Lastschrift, yaani wao wenyewe wanakata hela kwenye akaunti yako. Wengine hukagua rekodi yako ya madeni kwanza, na mgeni asiye na rekodi hukataliwa. Ukikataliwa usikate tamaa wala usijaribu mara kumi palepale. Nenda kwa muuzaji mwingine anayekubali kadi. Tiketi ni ileile na haki ni zilezile.
4. Hakikisha akaunti ina hela siku za mwanzo wa mwezi. Lastschrift ikirudi, tiketi hufungwa na unatozwa gharama za ziada, na unaweza usijue mpaka mkaguzi aichanganue simu yako.
5. Papo hapo baada ya kununua, weka kengele kwenye simu: tarehe 8 ya kila mwezi, "Bado naihitaji?"

Onyo: tiketi hii ni ya mtu mmoja. Kumwazima ndugu yako ni kosa, hata kama mmefanana. Watoto chini ya miaka sita husafiri bure. Wa miaka sita na zaidi wanahitaji tiketi yao. Baiskeli haimo.

Utajua umepatia ukifungua programu na kuona jina lako, mwezi unaoendelea, na alama ya mraba ya kuchanganuliwa. Picha ya skrini haikubaliki. Ni lazima ifunguke ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo ifungue kituoni kabla ya kupanda, intaneti ikiwa bado ipo.

## Hatua ya 4: Panga safari, na usome saa kwa Kijerumani

Fungua DB Navigator, andika unapotoka na unapokwenda. Kabla ya kubonyeza kutafuta, ingia kwenye machaguo na uweke alama ya kuonyesha Nahverkehr tu, au safari za Deutschland-Ticket tu. Usipofanya hivyo, programu itakuletea ICE juu kabisa kwa sababu ndiyo ya haraka.

Sasa saa. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Wao wanahesabu saa 24 tangu usiku wa manane. Treni ya 14:07 ni saa nane na dakika saba mchana. Ya 20:15 ni saa mbili na robo usiku. Ya 00:20 iko kwenye tarehe inayofuata: ukisema "usiku wa Jumamosi" na treni ni ya 00:20, tafuta Jumapili.

Ukiuliza kwa mdomo kuna mtego mwingine. Mjerumani akisema *halb drei*, anamaanisha nusu kuelekea saa tatu yake, yaani 2:30. Kwa mchana hiyo ni 14:30, saa nane na nusu yetu. Waliozoea Kiingereza wanasikia 3:30 na kukuta treni imeondoka saa nzima iliyopita. Muombe akuandikie kwa tarakimu.

Kisha angalia mahali pa kubadilisha treni. Programu inaweza kukupa dakika nne za kuhama. Kituo kidogo chenye njia mbili za reli, dakika nne zinatosha. Kituo kikuu cha Frankfurt au Leipzig, ukiwa na sanduku na mtoto, hazitoshi. Ongeza muda wa kuhama kwenye machaguo hadi dakika 15.

Mwisho, tazama treni ya mwisho ya kurudi kabla ya kwenda. Vijijini huduma hupungua sana jioni na Jumapili. Sehemu nyingine zina Rufbus, basi linalokuja tu ukilipigia simu mapema, mara nyingi saa moja kabla au zaidi. Usipopiga simu, halitakuja, hata kama liko kwenye ratiba.

## Hatua ya 5: Kituoni, simama mahali sahihi

Fika dakika kumi kabla. Kwenye ubao tafuta vitu vinne: herufi na namba ya treni, mwisho wa safari, saa, na Gleis, yaani namba ya njia ya reli ambako treni itasimama. Halafu endelea kuutazama. Gleis hubadilika dakika tano kabla, na tangazo husomwa haraka. Ukiona umati wote umeshika mizigo na kuanza kuhama, uliza: "Welches Gleis?", yaani njia ipi ya reli?

Jukwaa limegawanywa kwa herufi A, B, C na kuendelea, zimetundikwa juu. Treni fupi haifiki jukwaa lote. Ukisimama A na treni ikasimama D hadi F, utakimbia na sanduku, na milango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka. Ubao wa jukwaani unaonyesha treni itasimama kwenye herufi zipi.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: treni hukatwa katikati ya safari. Mnaondoka kituo kimoja mkiwa treni moja, mbele ya safari inagawanyika, mabehewa ya mbele huku na ya nyuma kule. Mfano mzuri uko kusini mwa München. Treni za kwenda Tegernsee, Lenggries na Bayrischzell huondoka zikiwa zimeunganishwa. Kipande cha Bayrischzell kinaachana na vingine Holzkirchen, na vilivyobaki vinaachana Schaftlach. Nilipanda treni hiyo majira ya baridi ya kwanza, nikakaa behewa lililokuwa na nafasi, nikajifunika koti nikalala. Niliamka kituo chenye theluji hadi magotini, jina lake sijawahi kulisikia, na rafiki yangu ananisubiri bonde la pili. Tiketi yangu ilikuwa sahihi, treni sahihi, Gleis sahihi. Behewa tu.

Dawa yake ni hii: kila behewa lina maandishi ya mwisho wa safari, nje pembeni ya mlango na ndani kwenye skrini. Soma yote mawili. Ukisikia neno *Zugteilung* au *der vordere Zugteil*, wanaongea juu ya kugawanyika. Muulize jirani kwa kumtajia mji wako.

Mlango haufunguki wenyewe. Bonyeza kitufe, subiri mwanga. Kwenye njia ndogo za vijijini kuna vituo ambako treni inasimama kwa ombi tu. Bonyeza kitufe kilichoandikwa *Halt* mapema, baada tu ya kituo kilichotangulia, la sivyo utapitilizwa.

## Hatua ya 6: Gonga tiketi, na ujue la kufanya mkaguzi akija

U-Bahn na S-Bahn za Ujerumani hazina geti la kukuzuia. Unaingia tu. Hilo linawafanya watu wadhani ni bure au hakuna anayeangalia. Wakaguzi wapo, na wengi mjini wamevaa nguo za kawaida. Treni ikiondoka tu wanasema "Fahrscheine, bitte", yaani tiketi tafadhali, na kila mtu anatoa tiketi.

Tiketi ya karatasi ya mjini mara nyingi inatakiwa kugongwa kwenye kisanduku kidogo jukwaani au ndani ya basi na tramu. Kugonga kunaitwa *entwerten*. Sikiliza mlio, kisha tazama: lazima uone tarehe na saa vimechapwa. Isiyogongwa huhesabiwa kuwa huna tiketi, hata kama umeinunua dakika tano zilizopita. Nyingine hutoka mashineni zikiwa na saa tayari, hizo hazigongwi.

Angalia kanda pia. Berlin ina A, B na C, na uwanja wa ndege wa BER uko C. Mwenye tiketi ya AB akienda uwanja wa ndege, kituo cha mwisho hana tiketi. Mwenye Deutschlandticket hahitaji kufikiria kanda wala kugonga.

Tiketi ya simu inunuliwe kabla ya kupanda. Inaandika sekunde iliponunuliwa, na mkaguzi anaiona.

Ukikamatwa bila tiketi halali, faini ya kawaida ni yuro 60. Fanya haya kwa utulivu:

- Toa kitambulisho. Usikimbie na usitaje jina la uongo. Hapo kosa dogo linakuwa kubwa.
- Chukua karatasi yenye namba ya kumbukumbu. Usimpe mtu hela mkononi bila risiti.
- Kama una tiketi ya jina lako lakini simu ilizima au umeisahau nyumbani, ipeleke ofisini kwao ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi. Kwa kawaida faini hushuka hadi yuro 7 hivi.
- Lipa ndani ya muda. Ukihama nyumba, wajulishe anwani mpya. Barua isiyojibiwa huenda kwa wakusanya madeni, na yuro 60 inakua.

Usilichukulie hili kirahisi. Kusafiri bila tiketi kwa makusudi ni kosa la jinai Ujerumani, kifungu cha 265a cha sheria ya jinai, na adhabu yake inafika hadi kifungo cha mwaka mmoja. Kwa mtu anayesubiri kuongezewa kibali, kesi ya namna hiyo ni mzigo asiouhitaji.

## Hatua ya 7: Safari ndefu kwa bei ndogo

Deutschlandticket itakufikisha Hamburg kutoka Berlin, lakini itakula nusu ya siku. Ukiwa na haraka, tafuta Super Sparpreis au Sparpreis, yaani tiketi za bei ya punguzo, za ICE. Bei hizi hupanda tiketi zinavyonunuliwa, kwa hiyo nunua wiki kadhaa kabla, na uchague katikati ya wiki, asubuhi sana au usiku. Ijumaa mchana na Jumapili jioni ni ghali karibu kila mara.

Tiketi hizi zimefungwa kwa treni moja. Hiyo inaitwa *Zugbindung*. Ukichelewa kwa kosa lako, imekufa. Super Sparpreis hairudishiwi hela. Watoto wa miaka 6 hadi 14 wanaofuatana na mkubwa waandike wakati wa kununua, maana wanaweza kusafiri bure, ila idadi yao lazima ionekane kwenye tiketi.

Jihadhari na kuunganisha Deutschlandticket na Super Sparpreis ya kuanzia kituo cha mbele. Inaokoa hela kweli, nami hufanya. Ila hizo ni tiketi mbili tofauti: RE yako ikichelewa na ICE ikaondoka, hasara ni yako. Acha nafasi ya saa nzima kati yake.

Basi la masafa marefu mara nyingi ndilo la bei ya chini kuliko yote, hasa usiku. Kituo cha mabasi huwa si kituo cha treni. München kiko Hackerbrücke. Berlin kiko magharibi ya mji, mbali na kituo kikuu. Angalia anwani usiku uliotangulia.

Mpakani: Deutschlandticket inakufikisha kwa treni za mkoa hadi Salzburg na Kufstein upande wa Austria, na kituo cha Basel Bad kilichoko Uswisi. Beba pasipoti na kibali. Ukaguzi mipakani upo. Mwenye Duldung (karatasi ya kuahirishiwa kufukuzwa nchini), au mwenye karatasi ya kusubiri uamuzi wa hifadhi, asivuke hata kwa matembezi ya mchana.

## Hatua ya 8: Treni ikichelewa au ikifutwa

Itatokea, tena mara nyingi. Reli nyingi ziko kwenye matengenezo. Ukiona herufi SEV, treni imebadilishwa kuwa basi. Fuata alama nje ya kituo, na uhesabu muda zaidi.

Kwa tiketi ya ICE: ikitarajiwa kuchelewa kufika kwa dakika 20 au zaidi, Zugbindung inaondoka na unaweza kupanda treni nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60 unarudishiwa asilimia 25 ya nauli, na dakika 120 asilimia 50. Omba ndani ya miezi mitatu, kwenye programu yenyewe au kwa fomu.

Kwa Deutschlandticket fidia ni yuro 1.50 kwa kila kuchelewa kwa dakika 60, na hailipwi mpaka ifike yuro 4. Kwa hiyo kusanya tatu upeleke pamoja. Wala kuchelewa hakukupi ruhusa ya kupanda ICE kwa tiketi hiyo. Hata kama jukwaani mtu anakuambia "panda tu, wataelewa", usipande.

## Safari ya kujaribia

Usianze na safari yenye usaili mwishoni. Anza na hii, Jumamosi, kutoka Frankfurt kwenda Köln kwa Nahverkehr. ICE ingekufikisha kwa saa moja na kitu. Sisi tunatumia saa tatu au zaidi, na nauli ya ziada hakuna.

Tafuta RE2 ya kwenda Koblenz kupitia Mainz. Kaa upande wa kulia. Baada ya Bingen reli inaushika mto Rhein na kuufuata kwa karibu: meli za mizigo, mizabibu iliyopandwa kwenye miteremko mikali, ngome ndogo imesimama juu ya kisiwa katikati ya maji mbele ya Kaub, kisha mwamba wa Loreley ng'ambo. Koblenz shuka, soma ubao, tafuta RE5 au RB26 ya kwenda Köln. Thibitisha herufi, Gleis, na maandishi ya mlangoni.

Shuka Köln Hbf, yaani kituo kikuu, na utokee mlango mkuu. Kanisa kuu la Dom litakuwa limesimama papo hapo, refu hadi shingo iume, na kwenye simu yako tiketi ileile iliyokupeleka kazini Ijumaa.